Ziwa la Enghien lina lango, la Nakuru halina

Mhariri,

Ukizuka mjadala wa kuupamba ufuo wa ziwa hapa Nakuru, hakosekani mtu wa kuleta picha ya mji wa Ulaya: ukingo wa mawe, taa zimepangwa, watu wanakunywa kahawa na maji yako hatua mbili kutoka mezani. Enghien-les-Bains ya Ufaransa inafaa sana kwa picha za namna hiyo, kwa kuwa ni kitongoji cha Paris chenye ziwa, hoteli, kasino na maji ya tiba. Sina ugomvi na picha. Ninacholalamikia ni kwamba hazionyeshi lango. Ziwa la Enghien lina mahali pa kutokea maji, na ni binadamu anayeamua yasimame kimo gani. Ziwa Nakuru halina tundu hata moja. Kabla hatujaiga chochote, tuutazame mji huo ulivyo na ulivyofika hapo.

Enghien iko kilomita 11 hadi 12 kaskazini mwa katikati ya Paris, katika mkoa wa Val-d'Oise. Treni ya laini H kutoka kituo cha Gare du Nord hufika huko kwa muda wa kama robo saa. Mji wenyewe ni mdogo: kilomita za mraba 1.77, yaani kama ekari 437, na ziwa limechukua sehemu kubwa ya ekari hizo. Wakazi ni zaidi ya 11,000. Umelala katika bonde la Montmorency. Upande mmoja kuna kilima chenye msitu wa Montmorency, na upande wa pili kuna vilima vya Sannois, Orgemont na Cormeilles. Hakuna kinachofika mita 200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo aliyezoea kuiona Menengai kila asubuhi hatavishangaa. Lakini ndani ya vilima hivyo kuna jipsamu, na jipsamu hiyo ndiyo imeuzaa mji.

Tuanze na ziwa. Wengi hudhani ni la asili kwa sababu lina bata bukini na miti mikubwa. Ni bwawa. Katika zama za kati kijito kilichokuwa kikipita kwenye tope la bonde kilizibwa kwa tuta, maji yakajaa nyuma yake, na pale yalipotokea pakawekwa kinu cha kusaga nafaka. Kwa karne nyingi liliitwa bwawa la Montmorency au la Saint-Gratien, na kazi zake zilikuwa kuzungusha kinu na kufuga samaki. Mabwawa ya Ufaransa ya wakati huo yalikuwa na desturi ya kufunguliwa na kukaushwa kila baada ya miaka kadhaa: samaki wavuliwe, tope lichotwe, kisha lango lifungwe maji yajae tena. Leo ziwa lina hekta 40 na ushei, na kina chake ni kifupi.

Sasa jipsamu. Ni ile ile ya dari za nyumba zetu mpya na ya plasta wanayofungiwa hospitalini waliovunjika mifupa. Ikichomwa kwa joto la nyuzi kama 150 inapoteza sehemu kubwa ya maji yaliyofungwa ndani yake na kuwa unga. Unga ukichanganywa na maji tena unakuwa jiwe. Vilima vinavyozunguka Paris vimechimbwa kwa ajili ya unga huo kwa karne nyingi, Cormeilles ikiwa miongoni mwa machimbo makubwa. Tabia ya pili ya jipsamu ni kwamba inayeyuka. Lita moja ya maji inaweza kubeba zaidi ya gramu mbili zake. Mvua inayopenya kilimani inashuka bondeni ikiwa imebeba salfeti, na chini ya bwawa la Enghien inakutana na tope jeusi la majani yaliyooza, mahali pasipo hewa. Humo kuna bakteria wasiohitaji oksijeni ya hewani. Wanaichukua kutoka kwenye salfeti. Kinachobaki ni gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza.

Aliyeyatambua maji hayo kisomi ni padri Louis Cotte wa Montmorency, mwaka 1766. Cotte alikuwa mtu wa vipimo. Kitabu chake cha elimu ya hali ya hewa kilitoka 1774, na kijito kilichokuwa kikinuka hakikumpita hivi hivi. (Jean-Jacques Rousseau aliishi Montmorency kati ya 1756 na 1762, akizunguka bonde lote kwa miguu. Mwanafalsafa aliondoka na harufu ikabaki ikimsubiri padri.) Katika miaka ya 1770, Louis-Guillaume Le Veillard, aliyekuwa akishughulika na maji ya tiba ya Passy, alipata kibali cha kuyatumia. Mapinduzi ya Ufaransa hayakumwacha: alikatwa kichwa 1794. Mjengo mkubwa wa bafu za tiba ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 1820 chini ya Jean-Baptiste Péligot, msimamizi wa hospitali ya Saint-Louis ya Paris, na jina la mahali likapaa pale mfalme Louis XVIII, aliyeteswa na vidonda vya miguu, alipotibiwa kwa maji hayo.

Hapa niseme jambo kwa wale wanaotaka bafu za tiba kando ya maziwa ya Bonde la Ufa. Maji ya Enghien ni baridi. Hayafanani na chemchemi za Bogoria zinazotoka zikichemka, wala zile za Elementaita ambazo watu huoga bila kuwasha hata kijiti. Maji baridi ya salfa lazima yapashwe moto, na hapo ndipo mafundi wengi huyaharibu. Ukiyachemsha kwenye tangi lililo wazi, gesi yote inaruka na mgonjwa anaoga maji ya kawaida yenye chokaa. Yakikaa kwenye hewa, salfa inajitenga na maji yanageuka rangi kama ya maziwa. Kwa hiyo yanatolewa ardhini na kusafirishwa kwenye bomba lililofungwa, na yanapashwa ndani ya chombo kilichofungwa vilevile, kwa koili yenye mvuke au maji moto inayopita katikati yake. Bomba la shaba haliwezi, linaliwa. Pete ya fedha inageuka nyeusi. Na chumba kinahitaji hewa ya kupita chini karibu na sakafu, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, na ikizidi inaua uwezo wa pua kuinusa. Mtu anadhani imeisha kumbe imeongezeka.

Mji kamili ulitokana na reli. Mwaka 1846 njia ya kutoka Paris kwenda kaskazini ilipita bondeni na kituo kikawekwa Enghien. Watu wa Paris wakaanza kujenga nyumba za mapumziko kuzunguka maji. Shida ni kwamba ziwa na ufuo vilikuwa vimegawanywa kati ya vijiji, na hakuna kijiji kilichouona ufuo kama moyo wake. Tarehe 7 Agosti 1850 serikali ilikata vipande kutoka Deuil, Saint-Gratien, Soisy na Épinay, ikavishona kuwa mji mmoja. Ndiyo maana Enghien ni ndogo hivyo: ilichorwa kufuata ziwa na stesheni. Jina lenyewe ni la kuazima. Linatoka mji wa Ubelgiji ambao jina lake lilikuwa cheo cha ukoo wa Condé, makabaila wa Ufaransa, ambao mwaka 1689 walipewa ruhusa kuliita eneo lao la Montmorency kwa jina hilo. Mwaka 1866 ikaongezwa reli fupi ya kupanda kilimani hadi Montmorency, iliyodumu mpaka 1954. Nasi tunajua reli inavyozaa mji: ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu.

Kasino inastahili aya yake, maana wapo wanaodhani ni hoteli na taa tu zilizoleta pesa. Ni sheria. Mwaka 1907 Ufaransa iliruhusu kamari katika miji ya pwani, ya maji ya tiba na ya hali ya hewa ya kupumzikia. Mwaka 1920 ikapiga marufuku kasino ndani ya kilomita 100 kutoka Paris, kwa hofu kwamba mishahara ya mji mkuu itaishia mezani. Mwaka 1931 mlango ukafunguliwa kidogo kwa miji ya maji ya tiba, na Enghien ikawa mahali ambapo Mparisi aliweza kufika kwa treni ya jioni. Sheria ya huko inairuhusu halmashauri kuchukua hadi asilimia 15 ya mapato ya michezo ya kasino yake. Kwa hiyo maua, kuta za mawe na taa za kwenye zile picha zinalipwa na sheria iliyowafungia wengine kwa miaka mingi. Anayetuambia tujenge ukingo kama ule atuambie pia nani ataulipia ukianza kumomonyoka.

Nije kwenye kazi ya ziwa lile leo, ambayo watalii hawaioni. Bonde la Montmorency limejaa nyumba, barabara na maegesho. Mvua ikinyesha juu ya lami haipenyi, inakimbia. Maji hayo yanashuka hadi ziwani, yanatulia humo, kisha yanaachiliwa polepole kupitia kijito cha Enghien kuelekea mto Seine. Halmashauri za eneo zima zina chombo kimoja cha pamoja cha mitaro na maji taka, SIARE, kwa sababu maji hayasomi mipaka ya miji.

Piga hesabu uone uzito wake. Ukiliteremsha ziwa la hekta 40 kwa sentimita 10 kabla ya mvua kubwa, umetengeneza nafasi ya mita za ujazo 40,000. Kwa lori la maji la lita 10,000, hizo ni safari 4,000. Ukichelewa kufungua lango, nafasi hiyo haipo, na vyumba vya chini vya majirani wa kijito vinaingia maji. Ukifungua mno wakati wa kiangazi, maji yanabaki machache juu ya tope, yanapata joto, mwani unachanua, oksijeni inaisha usiku na samaki wanaelea asubuhi.

Ziwa la namna hii linaharibiwa na mambo matatu hasa. La kwanza ni mchanga na tope la barabarani, ambalo hutua pale pale mtaro unapoingilia na kufanya kisiwa. La pili ni mafuta ya magari. La tatu, baya kuliko yote, ni bomba la choo lililounganishwa kimakosa na mtaro wa mvua. Nyumba mpya inajengwa, fundi anaona bomba mbili barabarani, anachomeka kwenye lililo karibu, udongo unafukiwa. Hakuna atakayejua mpaka ufuo uanze kunuka.

Kulitafuta bomba hilo hakuhitaji mitambo ya ajabu. Subiri siku tatu au nne zisizo na mvua. Funua shimo la mtaro wa mvua lililo chini kabisa ya mtaa. Likiwa kavu, nenda mtaa mwingine. Likiwa na maji yanayotiririka wakati mbingu ni kavu, panda juu shimo baada ya shimo mpaka ufike pale yanapokoma. Nyumba unayoitafuta iko kati ya shimo lenye maji na lile kavu. Hapo weka rangi ya kupimia, fluoresini, kiasi kidogo tu kwenye choo cha kila nyumba, uvute maji, na mwenzako awe shimoni. Anza nyumba ya chini, upande juu, ukingoja dakika 20 hadi 30 kati ya nyumba na nyumba. Ukiharakisha, rangi zitachanganyika na utamlaumu asiyehusika. Ikitokea kijani kwenye mtaro wa mvua, umempata. Kwa kosa la kinyume, yaani bomba la maji ya paa kuingizwa kwenye bomba la maji taka, hutumika moshi: unapulizwa shimoni, nao unatokea kwenye mifereji ya paa. Kosa hili la pili ndilo linalofanya vifuniko vya maji taka viruke barabarani mvua ikishika, na hapa kwetu sote tumeruka madimbwi hayo.

Sasa tulinganishe. Nakuru iko kati ya Menengai kaskazini na ziwa kusini, kwa hiyo kila tone la mjini linaelekea ziwani. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit inaishia humo. Maji yanatoka kwa njia moja tu, kukauka juani. Kati ya 2010 na 2020 ziwa lilipanuka kutoka kilomita za mraba 40 hivi hadi zaidi ya 60, likameza lango kuu la mbuga na kuingia katika makazi upande wa Mwariki. Sentimita 10 za ziwa hilo ni zaidi ya mita za ujazo milioni sita. Hakuna mtu wa kuzifungulia, wala hakuna pa kuzipeleka.

Ukingo wa mawe wa Enghien umejengwa juu ya kimo kinachojulikana. Kwetu ufuo ni mteremko wa taratibu. Pale ambapo ardhi inapanda mita moja kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita moja ufuo unasogea mita 100 kuelekea mjini. Likishuka, ukingo wako unabaki unatazama magadi makavu na vumbi jeupe. Mgahawa uliojengwa hatua mbili kutoka majini utakuwa ndani ya maji au mbali nayo. Katikati ya hayo mawili utapata misimu michache ya kupigia picha.

Jambo la pili ni uchafu. Ufaransa kwenyewe kuna mfano bora kuliko Enghien: Annecy, chini ya milima ya Alps. Huko halmashauri za kuzunguka ziwa ziliungana mwaka 1957 na kuzungusha bomba kuu la maji taka kando ya ziwa zima, ili hata maji yaliyosafishwa yasirudi ziwani, yakamwagwe mtoni chini zaidi. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini hata hiyo inategemea kuwapo kwa mto wa kutokea. Nakuru hatuna huo mto. Chochote kinachoingia, iwe chumvi, risasi ya betri au kipande cha plastiki, kinakaa. Kwa sababu hiyo kiwango cha kusafisha maji taka hapa kinapaswa kuwa kikali kuliko cha kule, si sawa nacho, na sehemu ya maji yaliyosafishwa itafutiwe kazi nchi kavu, kama kumwagilia miti.

Na mitego ya mchanga inayofaa Enghien haitatosha hapa bila kubadilishwa. Mtego ni shimo pana mtaroni: maji yanapunguza mwendo, mchanga unazama, lori linakuja kuchota. Udongo wetu una majivu ya volkano na vijiwe vya povu, na vijiwe hivyo vinaelea. Vitapita juu ya mtego vikiwa na chupa na mifuko, kwa hiyo kunatakiwa boriti ya kuelea iliyokatiza mtaro na wavu wa chuma nyuma yake. Majivu laini nayo yanazama kwa taabu, hivyo shimo liwe refu kuliko lile la vitabuni. Lichotwe Februari kabla ya mvua za masika na lichungwe tena kabla ya zile za mwisho wa mwaka. Mtego uliojaa ni mbaya kuliko kukosa mtego, kwa kuwa mvua kubwa ya kwanza inabeba tope lote la msimu uliopita na kulimwaga ziwani kwa alasiri moja.

Kuna jambo moja ambalo Enghien na Nakuru zinafanana kuliko wengi wanavyodhani: ardhi kutitia. Kule maji yanayeyusha jipsamu, shimo linafanyika chini, siku moja dari yake inaanguka. Ndiyo sababu katika maeneo ya jipsamu kuzunguka Paris wenye nyumba hukatazwa au huonywa wasizamishe maji ya paa ardhini. Yapelekwe kwenye mtaro. Hapa maji yanasomba majivu na kuyaingiza katika nyufa za Bonde la Ufa, na barabara inafunguka baada ya mvua. Sababu ni mbili, tahadhari ni ile ile: shimo la kuzamishia maji lisichimbwe karibu na msingi wa nyumba wala karibu na ufa unaojulikana. Ushauri wa kuzamisha kila tone kwenye ploti yako ni mzuri Uasin Gishu. Hapa uliza kwanza unakaa juu ya nini.

Ombi langu kwa gazeti na kwa wanaochora mipango ni dogo. Mstari wa maji ya 2020 utafutwe mtaa kwa mtaa wakati wenyeji bado wanaukumbuka na alama za chumvi bado ziko ukutani, uwekewe nguzo za zege zenye tarakimu, na ramani yake ichapishwe. Ujenzi wowote wa kudumu uanzie juu ya nguzo hizo, na mita za ziada ziongezwe na wapimaji. Chini yake pabaki nyasi, njia za udongo, vibanda vya mbao vinavyoweza kung'olewa kwa siku moja na vyoo vya kuhamishika. Anayetaka meza ya kahawa karibu na maji aiweke kwenye kibanda chenye magurudumu.

Msomaji,
Nakuru